Vita vya Mashariki mwa Kongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Simulizi Zinazopingana

Kila Goma, Bukavu au Beni inapotajwa kwenye taarifa ya habari, maswali haya hurudi: kwenye vikundi vya WhatsApp, vijiweni, vyuoni, hata misibani. Tumeyakusanya na kuyajibu moja moja. Unaweza kuanzia popote. Jibu linapotegemea jingine, tumeandika namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Vita hivi ni vya nani dhidi ya nani?

Si vita vimoja. Ituri, Kivu Kaskazini na Kivu Kusini zina makundi yenye silaha zaidi ya 100. Linalotajwa sana ni M23, ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara nyingi kwamba linasaidiwa na jeshi la Rwanda. Linapigana na jeshi la taifa (FARDC), wapiganaji wanaoitwa Wazalendo, na wanajeshi wa Burundi walioingia kuisaidia Kinshasa. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliiteka Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu.

Lakini ukipanda kaskazini hadi Beni, anayewaua watu kwa mapanga ni ADF, kundi lenye asili ya Uganda ambalo sasa linajitangaza kuwa tawi la Dola la Kiislamu. Mauaji hayo yalianza kwa wingi Oktoba 2014. Huko Ituri kuna wanamgambo wa CODECO na wapinzani wake. Kwenye milima ya Minembwe, Kivu Kusini, kuna vita vingine kabisa. Mkulima wa Beni anayesikia kila siku kwamba "vita vya Kongo ni Rwanda na Kongo" ana haki ya kuuliza msiba wake umewekwa wapi.

2. Simulizi kuu ni zipi?

Ya Kinshasa inasema nchi imevamiwa: Rwanda inataka madini na ardhi, na M23 ni vazi tu. Mitaani utasikia neno *balkanizesheni*, yaani mpango wa kuigawa Kongo vipande vipande.

Ya Kigali inasema tatizo ni FDLR, kundi lililotokana na waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, ambalo Kongo inalihifadhi mpakani. Na kwamba Watutsi wa Kongo wanawindwa huku dunia ikitazama. M23 yenyewe inaongeza lake: makubaliano ya 23 Machi 2009, yaliyolipa jina, hayakutekelezwa, na serikali imeoza.

Ya mbali, ile ya Ulaya na Marekani, kwa muda mrefu imekuwa fupi: madini ya simu zenu na ubakaji. Ipo pia ya vijijini, inayozungumzia mashamba, kiti cha chifu, vizuizi vya barabarani na askari asiyelipwa mshahara. Hiyo ndiyo inayosikika kidogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini kijana wa Masisi, Kivu Kaskazini, anachukua bunduki.

3. Inakuwaje watu wawili wenye akili zao wasome habari moja na kuondoka na hitimisho tofauti kabisa?

Kwa sababu kila mmoja ameanza kuhesabu mwaka wake. Hili ndilo jambo kubwa katika ukurasa huu wote.

Anza Aprili 1994. Watutsi wanauawa Rwanda kwa siku mia moja. Umoja wa Mataifa unataja watu 800,000, serikali ya Rwanda inasema zaidi ya milioni moja. Julai wauaji wanavuka mpaka pamoja na zaidi ya Wahutu milioni moja, wanaweka kambi Goma na Bukavu na kujipanga upya huku wakila chakula cha msaada. Ukianzia hapo, kila Rwanda inachofanya Kongo kinaonekana kuwa kujilinda.

Anza Oktoba 1996. Majeshi ya Rwanda yanaingia pamoja na waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila, yanabomoa kambi na kuwafuata wakimbizi mpaka misitu ya Équateur. Au anza 2 Agosti 1998, vita vya RCD, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda, vilipowashwa kutoka Goma. Juni 2000 Rwanda na Uganda zinapigana kwa mizinga kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji wa watu wengine. Ukianzia hapo, Rwanda ni mvamizi tu.

Anza 1937, Wabelgiji walipoanza kuhamisha Wanyarwanda kwenda Masisi kufanya kazi mashambani, na utaona ugomvi wa ardhi wenye umri mkubwa kuliko marais wote waliopo leo. Anza Machi 1993, mauaji yalipoanza sokoni Ntoto, Walikale, na utaona kwamba Kivu ilikuwa inawaka moto mwaka mmoja kabla ya Rwanda.

Hakuna tarehe ya uongo hapo. Uongo huanza pale mtu anapochagua moja na kukukataza kuuliza kilichotangulia.

## Historia inayogombaniwa

4. Banyamulenge na Watutsi wa Kivu ni Wakongo au wageni?

Ni Wakongo. Tunajibu hivyo kwanza kwa sababu swali lenyewe limeshaua watu.

Wafugaji wa Kitutsi wanaoitwa Banyamulenge walikuwa kwenye milima ya Itombwe, Kivu Kusini, kabla ya ukoloni wa Kibelgiji. Jina hilo, linalotokana na Mulenge, ndilo lililoenea baadaye, hasa tangu miaka ya 1970. Kundi jingine ni wanaozungumza Kinyarwanda wa Kivu Kaskazini, Wahutu kwa Watutsi. Baadhi yao walikuwa Rutshuru tangu zamani, wengine waliletwa na Wabelgiji kati ya 1937 na 1955, na wengine walikimbia Rwanda mwaka 1959 na baadaye. Kuwaweka wote kwenye kapu moja ni kosa linalofanywa na pande zote.

Sheria iliwatikisa mara kadhaa. Ya 1972 iliwapa uraia waliofika Kivu kutoka Ruanda-Urundi kabla ya 1950. Ya 1981 ikaufuta na kudai asili ya 1885. Ya 2004 ikarudisha mstari kwenye uhuru, 30 Juni 1960. Mtu aliyezaliwa Masisi mwaka 1955 na wazazi waliofika kabla ya 1950 amekuwa raia, akawa si raia, akawa raia tena, bila kuhama kijiji chake.

Na makaburi yapo. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba nchini Burundi. Mwaka 2020 jambo la kiutawala tu, kuifanya Minembwe kuwa tarafa ya vijijini (commune rurale), liliamsha hasira nchi nzima hadi Rais Tshisekedi akalifuta.

Wanyindu, Wafuliru na Wabembe nao wana kumbukumbu zao: Kasika, Agosti 1998, na Makobola, mwishoni mwa mwaka huohuo, ambako raia waliuawa kwa mamia na wanajeshi wa upande wa RCD na Rwanda. Anayewatetea Banyamulenge bila kutaja Makobola hatasikilizwa Uvira. Na anayelia Makobola huku akimwita Munyamulenge nyoka anaandaa msiba mwingine.

5. Je, ni kweli sehemu ya Kongo ilikuwa Rwanda?

Aprili 2023, akiwa Benin, Rais Kagame alisema mipaka ya kikoloni iliacha sehemu ya Rwanda nje ya Rwanda. Ni kweli wafalme wa Rwanda waliwahi kuwa na mamlaka au ushawishi katika baadhi ya maeneo ya Kivu, kwa nguvu zilizopanda na kushuka. Mpaka wa leo ulikubaliwa na Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza mwaka 1910.

Hilo halimpi mtu yeyote haki ya kuusogeza. Mwaka 1964 jijini Cairo nchi za Afrika ziliamua kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Kauli ya ramani ilifanya kazi moja kubwa: iliwapa wanaoamini balkanizesheni ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Tangu hapo imekuwa vigumu zaidi kwa Mtutsi wa Goma kusema "mimi ni Mkongo" na kuaminiwa.

6. Kuyataja mauaji ya wakimbizi wa Kihutu ya 1996 na 1997 si kukana mauaji ya kimbari?

Hapana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yamethibitishwa mahakamani, na hayapungui hata kidogo kwa kutaja kilichofuata.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 1 Oktoba 2010 ilichunguza uhalifu uliofanyika Kongo kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003 na kuorodhesha matukio 617 mazito. Kuhusu wakimbizi wa Kihutu, ilisema baadhi ya mashambulizi, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, yanaweza kuitwa mauaji ya kimbari. Ilitaja pia mambo yanayopinga hitimisho hilo, mfano wakimbizi wengi walioruhusiwa kurudi Rwanda. Kigali iliikataa kwa hasira na kutishia kuondoa walinda amani wake Sudan.

Wapo wanaoitumia ripoti hiyo kudai "wote waliuana", ili 1994 iyeyuke. Huo ni ukanaji. Wapo wanaoitumia 1994 kuifunika ripoti nzima. Hao nao wanawanyima makaburi watoto waliofia njiani kuelekea Mbandaka. Huruma haigawanywi kama posho, kwamba ukimpa huyu yule amekosa.

## Takwimu, madini na visingizio

7. Wamekufa milioni sita? Au kumi?

Msingi wa takwimu kubwa ni tafiti za shirika la International Rescue Committee, zilizokadiria vifo milioni 5.4 vya ziada kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. "Vya ziada" maana yake ni vifo ambavyo visingetokea kama nchi ingekuwa na amani. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, surua na njaa, zahanati zilipofungwa na watu walipolala porini.

Baadaye wataalamu wengine, wakiwemo waandishi wa Human Security Report ya Kanada, waliikosoa hesabu hiyo: kiwango cha vifo vya kawaida kilichotumika kulinganishia kilikuwa cha chini mno kwa Kongo, na tafiti za mwanzo hazikuwakilisha nchi nzima. Tarakimu za juu zaidi, zikiwemo milioni 10 zinazosambaa mitandaoni, hazitokani na utafiti wa aina hiyo.

Ukitaja milioni 5.4, taja na kipindi chake na usiseme "waliouawa". Hii si kuwapunguzia Wakongo uchungu. Mtoto aliyekufa kwa surua kwa sababu muuguzi alikimbia vita amekufa kwa vita. Ila takwimu iliyovimba ni zawadi kwa anayetaka kukanusha: ataipiga hiyo, na msikilizaji atadhani amekanusha mauaji yote.

8. Vita hivi si vya koltani tu?

Madini yanalisha vita. Hayakuvianzisha peke yake. Rubaya, machimbo makubwa ya koltani (madini yanayotumika kwenye simu) huko Masisi, yaliangukia mikononi mwa M23 Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti angalau tani 120 kwa mwezi zikipelekwa Rwanda, na ushuru wa takriban dola 800,000 kwa mwezi ukiingia kwa kundi hilo. Huo ni ushahidi mzito, na Kigali inaposema inashughulikia usalama tu inapaswa kuujibu.

Lakini simulizi ya "damu kwenye simu yako" imewahi kuwaumiza watu haohao iliotaka kuwaokoa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini yao; Kivu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na wanunuzi wengi wakaikimbia kanda nzima. Wachimbaji walikosa riziki, watoto wakakosa ada ya shule. Makundi yenye silaha yakahamia dhahabu, ambayo hufichwa mfukoni, au yakategemea vizuizi vya barabarani, ambako hata gunia la mkaa na kuku hutozwa.

9. FDLR ni tishio la kweli au kisingizio?

Vyote viwili, na ndiyo maana mjadala hauishi. Lilianzishwa mwaka 2000, wengi wa viongozi wake wa mwanzo walitoka katika jeshi la zamani la Rwanda na wanamgambo wa Interahamwe, na limewaua na kuwabaka Wakongo kwa miaka mingi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameonyesha pia kwamba FARDC imeshirikiana nalo dhidi ya M23. Kinshasa ikilikana hilo inajidhuru.

Upande wa pili, ripoti ya wataalamu haohao ya katikati ya 2024 ilikadiria wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kivu Kaskazini. FDLR ya leo ni dhaifu mno kuliko ya 2000. Hofu ya Rwanda ina mizizi halisi, lakini kuiteka Bukavu na kutoza ushuru Rubaya havielezeki kwa hofu hiyo.

## Maneno, picha na redio

10. Niseme waasi, magaidi au jeshi la Rwanda?

Ukisema "waasi" bila kuongeza kitu, umeiondoa Rwanda kwenye sentensi. Ukisema "jeshi la Rwanda" tu, umewafuta Wakongo waliomo M23 na muungano wake, akiwemo Corneille Nangaa, aliyekuwa mkuu wa tume ya uchaguzi Kinshasa. "Magaidi" ni neno la serikali ya Kongo. Sisi huandika "M23, kundi linaloungwa mkono na Rwanda", na kutaja nani amesema hivyo.

11. Nitajuaje kama video niliyotumiwa ni ya kweli?

Sikiliza kabla ya kutazama. Goma watu huzungumza Kiswahili cha pale, kilichochanganyika na Kifaransa. Ukisikia Lingala tupu au Kiarabu, jiulize. Tazama mlima Nyiragongo, ardhi nyeusi ya lava, majina ya maduka. Kumbuka pia kwamba Mei 2021 mamia ya maelfu ya watu wa Goma walikimbia mlipuko wa volkano kuelekea Sake na Gisenyi, na picha za siku zile haziachani sana na za vita. Ikiwa aliyekutumia hajui tarehe wala mahali, usiisambaze. Kama ina maiti, usiisambaze kabisa: ni mtoto wa mtu.

12. Nisikilize chombo gani?

Zaidi ya kimoja, na ujue kila kimoja kinabanwa na nini. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Iko karibu na matukio kuliko nyingi.

Januari 2025 mamlaka za Kongo ziliisimamisha Al Jazeera baada ya mahojiano na kiongozi wa M23, na waziri wa sheria akawatishia wanaosambaza shughuli za kundi hilo adhabu hadi ya kifo. Rwanda iliifunga idhaa ya BBC ya Kinyarwanda mwaka 2014 kwa sababu ya filamu kuhusu historia ya 1994. Mwandishi wa Goma akikaa kimya leo, usidhani hana la kusema.

## Majirani

13. Afrika Mashariki ni msuluhishi au mhusika?

Inategemea nchi na mwaka. Uganda ilihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2005 kwa uvamizi, na 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Tangu Novemba 2021 jeshi lake liko tena Kongo, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, likiwinda ADF.

Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilikuwa kwenye brigedi iliyosaidia kuishinda M23 mwaka 2013. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na FDLR, na uhusiano ukaingia baridi kali. Kule Semuliki, eneo la Beni, 7 Desemba 2017, walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa. Familia zao hazisomi habari za Beni kama habari za nje. Kenya nayo iliongoza kikosi cha Jumuiya kilichoondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukilalamikia kwamba hakipigani. Mwezi huohuo Nangaa alitangaza muungano wake na M23 akiwa Nairobi, na Kongo ikamwita balozi wake nyumbani.

14. Mikataba ya 2025 haijamaliza vita?

Rwanda na Kongo zilitia saini Washington tarehe 27 Juni, na marais wakarudia tarehe 4 Desemba. Kinshasa na M23 zilikubaliana kanuni mjini Doha tarehe 19 Julai. Siku chache baada ya sherehe ya Desemba wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, ng'ambo ya Bujumbura, na makumi ya maelfu wakakimbilia Burundi. Mikataba hiyo inazungumzia majeshi, FDLR na biashara ya madini. Ardhi, uraia na malipo ya askari (swali la 2 na la 4) havijapata mkataba wenye uzito huo.

## Maswali magumu

15. Jirani yangu ni Mtutsi wa Kongo na watu wanamwita jasusi. Je, si haki yao kuwa na hasira?

Hasira dhidi ya uvamizi ni haki. Kumfanya mtu alipe kwa sura yake si haki. Novemba 2023 mjini Goma umati ulimuua ofisa wa FARDC, Munyamulenge, askari wa jeshi lile lile waliloliunga mkono. Maneno kama "nyoka", "mwili wa kigeni" na "warudi kwao" yana historia ndefu katika Maziwa Makuu, na sote tunajua yaliishia wapi. Na ni kweli pia kwamba kila M23 inapoua kwa jina la kuwalinda Watutsi, kama ilivyofanya Kishishe Novemba 2022, huwaongezea Watutsi wa Kinshasa na Kisangani hatari.

16. Mahakama hazijaamua nani mkweli?

Nazo zimefungwa na tarehe (swali la 3). Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilikuwa na mamlaka juu ya mwaka 1994 tu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague haigusi kilichotokea kabla ya Julai 2002. Ilimfunga Bosco Ntaganda, aliyepata kuwa mmoja wa viongozi wa M23, miaka 30 kwa matendo ya Ituri, wala si kwa yale ya M23. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda kule The Hague ilikwama mwaka 2006 kwa sababu Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haina mamlaka.

Arusha imerudi tena: Juni 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyatupa mapingamizi ya Rwanda na kukubali kuisikiliza kesi iliyofunguliwa na Kongo. Kuhusu miaka ya 1993 hadi 2003, mahakama maalumu ambayo Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi ameidai kwa miaka mingi haijaundwa. Orodha ya majina ya watuhumiwa iliyoandaliwa na wachunguzi wa ripoti ya 2010 bado ni siri, imehifadhiwa Geneva.